Mawe ya Nyumba ya Kasyoka

Uongo wenyewe ulikuwa mdogo, wa maneno manne tu. "Ni jiwe la ofisi." Kiema alimwambia mama yake maneno hayo mwezi wa Agosti mwaka wa themanini na mbili, amesimama uani kwao nje kidogo ya Mukuyuni, gunia begani, jasho linamchuruzika. Mama yake, Kasyoka, alikuwa anapepeta pojo. Akamtazama, akatazama gunia, akauliza kama ofisi za Nairobi zimekosa pa kuweka mawe mpaka aletewe yeye. Kiema akacheka. Akaliingiza ghalani, akalisukuma hadi ukutani nyuma ya vibuyu, akasema, "Liache hapo hapo, Mwaitu. Usiliguse." Mwaitu, yaani mama, akarudi kwa pojo zake.

Sasa wewe niambie, kuna ubaya gani kumwambia mama yako ukweli? Ukweli ni kwamba jiwe lile lilitoka angani. Lilianguka mwezi wa Aprili kule Nuu, upande wa Mwingi, mchana kweupe, kwa mlio uliofanya ng'ombe wakate kamba, likazama katika shamba la mzee mmoja aitwaye Musyoka. Kiema alikuwa amemaliza shahada yake ya pili ya jiolojia, amepata kazi ya kupima chokaa katika ofisi moja ya Nairobi. Alipopata habari aliomba ruhusa ya siku tatu, akaenda. Alimkuta mzee Musyoka amelizungushia jiwe miiba, hataki hata mbuzi walisogelee. Walizungumza kutwa nzima. Mwishowe mzee akasema, lichukue bwana, mimi tangu lije hapa sipati usingizi. Ndivyo Kiema alivyopata kilo kumi na nne za kitu kilicholizunguka jua tangu dunia haijapoa.

Lilikuwa kubwa kama boga dogo, lakini ukilinyanyua unashtuka, maana uzito wake haulingani na umbo lake. Lina chuma ndani. Na nje lilikuwa na ganda jeusi, jembamba kama ukucha, lililoungua wakati wa kuja. Ganda hilo ndilo lenye thamani kwa wasomi wa mambo hayo, kwa sababu linaonyesha kwamba kimondo ni kibichi, mvua haijakila, mtu hajakichezea.

Na kwa nini alilipeleka kwao? Kwa sababu mwezi huo wa Agosti vurugu zilipotokea mjini, watu walivunja chumba chake cha kupanga wakabeba kila kitu, mpaka sufuria yenye ugali wa jana. Jiwe walilitupa mlangoni. Kiema akaona hakuna mahali salama kuliko ghala la mama. Lakini kumweleza, hapana. Kasyoka alikuwa mtu wa kanisa, mama wa kwaya, angelichukulia jiwe la angani kama ishara, angemwita mchungaji aliombee, wanawake wote wangejaa uani. Hizo ndizo sababu alizojipa. Na tuseme yote: alimwona mama yake ni mshamba. Alimpenda, ndiyo, lakini alimpenda kama mtu anavyompenda asiyeweza kuelewa lolote.

Kulikuwa na chuo kimoja ng'ambo kilichotoa nafasi za utafiti kwa wasomi wachanga wa jiolojia ya sayari. Mwezi, Mirihi, vimondo, mambo hayo. Miaka miwili unalipwa, unapewa maabara, na hakuna anayekuamuru upime chokaa. Kiema aliomba mara ya kwanza akakataliwa. Akaomba mara ya pili, wakamjibu kwa mistari mitatu. Na sharti lao lilikuwa moja gumu kama msumari: nafasi ni ya waliomaliza shahada si zaidi ya miaka mitatu iliyopita. Ikipita, umezeeka, kaa na chokaa yako mpaka ustaafu. Mwaka wa themanini na nne ulikuwa wa mwisho kwake. Safari hii alituma kipande cha jiwe kikubwa kama haragwe, alichokibandua wakati ule ule pale Nuu, pamoja na maelezo ya mahali na saa ya kuanguka.

Mwezi wa Julai jibu lilikuja. Alilisoma amesimama posta, akalisoma tena, akatoka nje akalisoma juani. Wamemkubali. Aanze tarehe mosi Oktoba, ila jiwe zima litangulie kwa ndege kabla ya mwisho wa Agosti, likiwa na ganda lake. Bila jiwe, nafasi anapewa mwingine. Kiema alipiga kelele mle barabarani mpaka askari akamgeukia.

Mwaka huo, anayekumbuka anakumbuka. Masika yaligoma kabisa. Ukambani kote ng'ombe walikufa wamesimama. Watu walikula mizizi, wakapikia watoto mbegu walizokuwa wameweka za kupanda, kisha yakaja mahindi ya msaada, ya njano, yenye harufu ya meli, na hata hayo hayakutolewa bure: kazi kwa chakula. Kiema alisoma habari hizi kwenye gazeti. Nyumbani hakuwa amefika tangu Krismasi. Alituma sukari mara moja.

Mwezi wa Agosti alipata lifti kwenye lori la mahindi hayo hayo. Dereva alikuwa mtu wa Kitui mjini, Abdulatif, mcheshi, mtafunaji wa karafuu. Walipopita Machakos akamwuliza, "Kaka, unaenda kuwaona wazee?"

"Naenda kuchukua kitu changu."

Abdulatif akabadilisha gia. "Mimi, hata kama ningekuwa naenda kuchukua kitu, ningesema naenda kumwona mama."

Kiema alitabasamu tu, akili yake iko ng'ambo.

Alimkuta mama yake amekaa kizingitini. Ai! Hakumtambua mara moja. Shingo ilikuwa imebaki mishipa, leso imezunguka kiuno mara mbili na bado inalegea. Akasimama kwa kushika mlango, akamshika mwanawe mikono yote miwili, akamcheka kwa kukonda, yeye ndiye anayemcheka mwenzake kwa kukonda! Akaweka sufuria kwenye mafiga amchemshie uji wa njano. Kiema alisema atakunywa baadaye. Akaenda ghalani.

Nyuma ya vibuyu palikuwa na gunia lake, tupu, limekunjwa vizuri mara nne.

"Mwaitu. Jiwe liko wapi?"

"Jiwe gani? Lile la ofisi?" Kasyoka alikuwa anapuliza moto. "Nililipeleka kwa mwethya."

Mwethya ni chama cha kusaidiana kazi, kila nyumba inatoa mtu. Mwaka huo mwethya wa wanawake wa pale ulikuwa unajenga bwawa la mchanga: ukuta wa mawe na saruji unaokata mto mkavu, ili mvua ikija mchanga ujae nyuma yake na maji yajifiche ndani ya mchanga, yasikauke. Kila nyumba mawe yake, na jioni kila aliyeleta mawe ya kutosha anapimiwa gorogoro moja, kopo la kupimia nafaka, ya mahindi ya njano. Hukuleta, hupimiwi. Mawe ya karibu yaliisha wiki ya kwanza. Ya kilimani yakaisha wiki ya tatu. Baadaye walikuwa wanayafuata mwendo wa saa mbili, mzigo mgongoni, mkanda kwenye paji la uso.

"Siku hiyo magoti yalikataa," Kasyoka alieleza bila wasiwasi wowote. "Nilikuwa nimelala njaa siku mbili. Nikakumbuka, aa, si kuna jiwe ghalani? Lilikuwa zito, mwanangu! Mulei fundi alisema hajaona jiwe la namna ile, akaligonga nyundo likatoa cheche. Akaniambia hilo linafaa katikati kabisa, penye nguvu ya maji. Nikaliweka kwa mikono yangu. Nikapewa gorogoro mbili."

Kiema akapiga kelele. Alimpigia mama yake kelele jinsi ambavyo hajawahi, akamwuliza kama anajua alichofanya, akamwambia amemmaliza, amemzika akiwa hai kwa gorogoro mbili za mahindi ya ng'ombe. Kasyoka alishika kijiti cha moto akasahau kukiweka chini.

"Ulisema ni la ofisi," alisema. "Nikafikiri nitawatafutia lingine."

Hapo ndipo alipomweleza. Miaka miwili imechelewa, lakini akamweleza yote: Nuu, mlio, jua, ganda jeusi, chuo, barua. Na unajua nini? Kasyoka alielewa. Alielewa vizuri sana. Aliuliza maswali ya maana, kama lilikuja likiwa moja au likiwa mengi, na kama huko lilikotoka kuna mengine. Halafu akauliza, "Sasa kwa nini hukuniambia? Ningelala nalo kitandani."

Kiema aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni, akatoka nje.

Asubuhi alikwenda mtoni. Ukuta ulikuwa umekamilika, mrefu kuliko watu wawili, umelala kutoka ukingo hadi ukingo. Na juu yake alikuta kitu kilichomshangaza: wanawake, midomo imepasuka kwa kiu, wanaumwagilia ukuta maji. Wanamimina kwa kopo, polepole, kama mtu anayemwosha mtoto. Maji hayo walikuwa wanayatoa kisimani mwendo wa kilomita tisa. Saruji mbichi lazima inyweshwe siku ishirini na moja, asubuhi na jioni. Ikikauka upesi inakuwa unga, na maji ya kwanza yakija yanaondoka na kila kitu. Ukuta ulikuwa unakunywa kuliko watoto wao, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Mwenyekiti wao alikuwa Muthoki, mjane, mwanamke wa sauti nene asiyependa maneno mengi. Kiema alimsalimia kwa heshima, akamwomba.

"Unataka tutoboe ukuta," Muthoki alisema.

"Jiwe moja tu, mama. Nitaleta mengine kumi. Nitaleta fundi kutoka Nairobi."

"Saruji utaleta? Maji utaleta?"

"Mama, jiwe lile si la kawaida. Lilianguka kutoka mbinguni." Hata yeye alijisikia mjinga kulisema.

Wanawake walicheka, si kwa ubaya, walicheka kama watu waliochoka. Mmoja akasema basi kama Mungu amewatupia jiwe, atapenda likae kwenye kazi. Muthoki hakucheka. "Kijana wa Kasyoka, mimi sijui mambo ya mbinguni. Najua nimezika wajukuu wawili mwaka huu. Ukuta hautobolewi." Akachukua kopo lake akaendelea kumimina.

Alikaa siku nne akizunguka zunguka. Alitembea chini ya ukuta na sumaku ndogo aliyofunga uzi, na mahali pamoja, katikati, safu ya tatu kutoka chini, sumaku ilivuta uzi ikagonga ukuta na kung'ang'ania. Aliliona. Kona moja ilikuwa imekatwa na nyundo ya Mulei, ganda limebanduka upande huo, lakini upande wa pili lilikuwa bado jeusi chini ya saruji. Alisimama pale amelishika kwa kiganja. Tarehe ilikuwa kumi na saba Agosti.

Jumapili watu wote walikwenda kanisani. Hakuna aliyebaki mtoni, hata mbuzi. Kiema alishuka na nyundo na tindo alivyokuja navyo kwa kazi, akaanza kugonga. Kanisa liko juu ya ukingo, si mbali, na alisikia nyimbo zao, sauti za watu wenye njaa wanaoimba kwa nguvu zote. Alikuwa anangoja waimbe ndipo apige. Wakinyamaza kwa maombi, ananyamaza. Hebu fikiria: msomi mzima, mwenye shahada mbili, anafuata kwaya ya mama yake ili aibe jiwe.

Alikuwa amefika nusu alipohisi mtu nyuma yake. Ni Kasyoka, na leso yake ya kwaya. Alikuwa ametoka katikati ya wimbo, kwa sababu kati ya watu wote kanisani ni yeye peke yake aliyeusikia mlio ule chini ya wimbo akajua ni wa nini.

Kiema alingoja matusi. Hayakuja. Mama yake alipiga magoti kwenye mchanga, akaingiza vidole pembeni mwa jiwe. "Piga huku chini," alisema. "Ndiko Mulei aliweka saruji kidogo."

Likatoka. Lilitoka na mabonge ya saruji, limejeruhiwa, lakini lilitoka. Kiema alilikumbatia akalia, hakujizuia. Shimo lilibaki ukutani, kubwa kama mdomo wa chungu, na ukikaribia unasikia hewa ya baridi ndani yake. Walijaza mawe waliyookota chini ya ukuta, mabaki ya fundi. Saruji ilikuwepo nusu mfuko kwenye kibanda cha fundi, imeanza kuganda. Maji yalikuwa kibuyu kimoja, ya kunywa ya Kasyoka. Kiema alichanganya vibaya, yeye si fundi, mama ndiye aliyemnyang'anya mwiko akamalizia. Ukiangalia kutoka mbali huoni kitu.

Kasyoka akanawa mikono kwa mchanga. "Hii inataka kunyweshwa," alisema. "Bila hivyo ni majivu."

"Siku ishirini na moja," Kiema alisema. Lori la Abdulatif lilikuwa linaondoka sokoni mchana huo huo. Jiwe lilitakiwa kusafishwa, lipigwe picha, lipatiwe karatasi za forodha. "Mwaitu, utanisaidia?"

"Nenda. Nitamwagilia."

"Asubuhi na jioni. Na usimwambie mtu."

"Nimesema nenda, mwanangu. Utachelewa gari."

Hakuuliza maji yatatoka wapi. Nataka hilo lieleweke. Alijua kisima kiko kilomita tisa, alikuwa amewaona wanawake siku chache tu zilizopita, na sasa mwethya umemaliza zamu zake, hakuna mtu mwingine anayebeba maji ya ukuta. Alijua punda wao wa kubebea maji aliuzwa Machi. Alijua magoti ya mama yake. Yote alikuwa nayo kichwani, na hakuuliza, kwa sababu angeuliza angelazimika kubaki. Alipanda lori akiwa na gunia miguuni. Abdulatif akamwuliza kama amekipata kitu chake. Akasema ndiyo.

Jiwe lilipaa tarehe ishirini na tisa Agosti. Siku kumi baadaye ilikuja telegramu: limefika, wanasikitika kwa ganda lililopotea na uchafu wa saruji, lakini linatosha, tunakungoja. Kiema alinunua suti ya mtumba. Aliwaaga wenzake wa chokaa, wakamnunulia soda. Kila usiku alihesabu hesabu mbili pamoja, siku zake za kusafiri na siku za ukuta, na siku ishirini na moja za ukuta zilipoisha alishusha pumzi akasema moyoni, mama amemaliza.

Mama hakuwa amemaliza. Alianguka siku ya kumi na tisa, asubuhi, mtungi mgongoni, hatua chache tu kabla ya ukuta. Watu waliomkuta walisema mtungi haukumwagika. Alikuwa ameuegemeza kwenye mchanga kabla ya kulala kando yake. Habari ilimfikia Kiema siku tatu baadaye kupitia kwa Abdulatif, aliyekuja mwenyewe mpaka ofisini, kofia mkononi, akashindwa kuanza. Kiema alimtazama usoni akaanza kusema hapana, hapana, hapana, kabla hajaambiwa lolote.

Walikuwa wamemngoja, ili mama yake azikwe naye akiwepo. Kaburi lilichimbwa nyuma ya ghala. Mchungaji alisema maneno machache, watu hawakuwa na nguvu ya maneno mengi, na kwaya iliimba wimbo mmoja ikiwa na pengo lake katikati. Baada ya kufukia udongo, Muthoki alisimama mbele. Mwaka huo fisi walikuwa wanafukua, kwa hiyo makaburi yote yalikuwa yanafunikwa mawe, na mwethya ulikuwa umekubaliana kila nyumba ilete jiwe moja. Muthoki aliita nyumba, mojamoja. Walikuja, wanaweka, wanarudi nyuma. Mawe yenyewe yalikuwa madogo, ya kuokoteza.

Kiema alimsogelea alipokuwa akingoja nyumba ya mbali ifike. "Mama Muthoki. Ule ukuta. Mimi ndiye..."

"Tunajua." Hakumtazama. "Ukuta mkavu wote, halafu mahali pamoja pabichi kila asubuhi, sisi vipofu? Tulijua wiki ya kwanza."

"Na hamkumwambia aache?"

"Tulimwambia. Alisema ni deni lake kwa ukuta, kwamba jiwe aliloleta halikuwa la kwake kutoa. Tulitaka kumsaidia, akakataa, akasema ni la nyumba yake." Muthoki aliangalia njia, kama nyumba ya mbali imefika. "Mtungi wake tuliumimina sisi. Zile siku mbili zilizobaki tumezimaliza sisi pia. Ukuta wako mzima, kijana. Usiwe na wasiwasi."

Angemtukana, ingekuwa nafuu. Kiema alitamani ardhi impasukie, naye aingie mle mle alimo mama yake.

Muthoki akageukia watu, akaendelea kuita. Nyumba ya mwisho ikaweka. Akaangalia kaburi, akaangalia Kiema, akasema kwa sauti ile ile aliyowaitia wengine wote:

"Nyumba ya Kasyoka bado."

Nyumba ya Kasyoka ilikuwa mtu mmoja sasa, amevaa suti ya mtumba. Kiema aliitikia kwa kichwa kuonyesha amesikia, akaondoka kwenda kutafuta jiwe.

Alipanda kilima nyuma ya nyumba. Kilima hicho alikijua tangu utoto, ndicho kilichomfundisha mawe kabla ya chuo kikuu chochote. Alikuwa akikaa juu yake akitenganisha meupe na yenye kumetameta. Sasa kilikuwa udongo mtupu mwekundu. Wanawake walikuwa wamekisafisha chote. Alizunguka upande wa pili, udongo. Alishuka bondeni, alichimba kwa mikono palipokuwa na mwamba, akakuta alama za nyundo na shimo. Alitembea karibu saa nzima na viatu vyake vya safari, mtaalamu wa mawe, mtu anayengojwa ng'ambo kuzungumza juu ya Mwezi na Mirihi, na hakupata jiwe moja la kumwekea mama yake. Mawe yote ya kwao yalikuwa ukutani. Lile ambalo mama alikuwa nalo lilikuwa ndani ya maabara, ng'ambo, na namba imeandikwa juu yake.

Aliporudi, watu walikuwa bado wamesimama. Hakuna aliyekuwa amekaa. Aliwapita bila kuwatazama, akaingia jikoni.

Ndani palikuwa na baridi. Sufuria ilikuwa bado imekaa juu ya mafiga matatu, na ndani yake uji wa njano uliokauka ukapasuka. Kiema aliiondoa, akaiweka chini. Akachagua figa la upande wa mlango, lile mama yake alilokuwa akiegemezea mguu wakati wa kupuliza moto, akalitikisa mpaka likang'oka. Lilikuwa na ganda jeusi pande zote, la masizi, jembamba, lililoungua miaka na miaka. Lilikuwa jepesi. Mikono yake ilikuwa imejiandaa kwa uzito mwingine.

Alitoka nalo, suti imechafuka kifuani, akaliweka juu ya kaburi upande wa kichwa. Jikoni yalibaki mawili, na juu ya mawili hakuna anayeweza kupika.

"Nyumba ya Kasyoka imeleta," Muthoki alisema, na watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

Tarehe mosi Oktoba Kiema alikuwa kazini ng'ambo. Siku ya kwanza walimpa msumeno mdogo wa almasi na jiwe lake, wakamwomba aanze kwa kuondoa saruji.